Samatar Bile: Si Jua Lililoharibu Santuri

Mwaka mmoja umeisha leo, Baba Roble, tangu tukuzike hapa Isiolo baada ya swala ya adhuhuri, na mimi bado nina maneno na wewe. Kulia nimelia. Leo nataka kukugombeza, na watu wasikie.

Ulikuwa mtu mzuri, hilo hakuna anayekataa. Kwenye barabara ya Sericho hukumpita mtu mwenye mtungi mtupu bila kusimamisha lori lako. Mgonjwa ulimbeba mbele, mwenye afya akapanda nyuma, juu ya mzigo wako wa ngozi za mifugo. Mzigo wa watu uliufunga kamba, ukaurudia, halafu ukashuka njiani kuuangalia tena, mpaka abiria wakanung'unika. Kwa hiyo niambie, mtu wa namna hiyo anakubalije kuitwa mzembe miaka tisa?

Ile santuri mliinunua Nairobi mwaka wa 1972, wewe na rafiki yako Hirbo wa duka la majani ya chai. Watu watano tu wanapiga: tarumbeta, saksafoni, piano, gitaa kubwa la kusimama na ngoma. Hakuna anayeimba. Nilikuuliza, "Sasa wanasema nini?" Ukanijibu, "Isnino, nyamaza, wanajibizana."

Na kunyamaza tulinyamaza. Kila Ijumaa baada ya alasiri nyumba nzima ilifunga mdomo. Betri za tochi yangu ulizitoa ukatia kwenye gramafoni, na zikichoka ukazianika juu ya mabati zipate jua. Yule wa gitaa kubwa ulimpa jina la jirani yetu Denge, kwa sababu anatembea polepole na hakosei njia. Wa ngoma ukamwita Mwalimu Florence, kwa vile mwalimu alivyokuwa akigonga meza. "Ngojeni," ulituambia kidole kikiwa juu, "sasa Denge anapita." Na Denge mwenyewe ameketi hapo mlangoni na kikombe, anacheka mpaka chai inamwagika.

Halafu ikaja Idd ya 1975. Santuri ilikuwa imesafiri na wewe kwenye lori, imerudi inanuka ngozi. Wageni wanakuja, Hirbo anakuja, na mimi nitoe kitu kinanuka hivyo? Siku moja kabla, ulipoenda msikitini, nikafanya vile tunavyofanya nguo za sikukuu. Nikawasha unsi, ubani wetu, kwenye dabqaad, chetezo changu cha udongo, nikafunika tenga, nikaweka santuri juu ndani ya jalada lake, ifukizwe. Nikaenda kuangalia nyama.

Niliporudi ilikuwa imejikunja pembeni kama chapati. Nikairudisha kwenye lori, nikanyamaza.

Siku ya Idd sindano ikaruka kwenye wimbo wa kwanza, upande huu na upande ule. Hirbo akasimama. "Samatar, umeifanya nini?"

Ukamwambia, "Niliiacha kwenye dashibodi. Jua la Sericho."

"Dereva mzima! Hata mtoto anajua!" Akachukua jalada akasema angalau hilo lisikae na wewe, akalitundika dukani kwake. Toka siku hiyo ukawa Samatar Dashibodi. Mji mzima. Sisi tukawa tunaanzia wimbo wa pili, na mimi nikasema moyoni, alhamdulillahi, mume wangu kweli anafikiri ni jua.

Siku ya mazishi yako nilisikia mtu nje ya ua akiuliza, "Ni Samatar gani amefariki?" Akajibiwa, "Si ni yule wa Dashibodi?" Roble, mwanao, anaendesha lori lako, na watu wanamwambia, "Usituanikie mizigo kama baba yako." Yeye anacheka. Mimi sicheki.

Mwezi uliopita Hirbo alituletea jalada, kusudi vitu vyako vikae pamoja. Nyuma yake, upande uliokuwa ukitazama ukuta, kulikuwa na karatasi ya kalenda imebandikwa kwa gundi. Gundi imekauka, nikaivuta. Chini yake kuna alama ya kuungua, ya hudhurungi, mviringo, sawasawa na mdomo wa dabqaad yangu. Na kalenda ni ya mwezi ule wa Idd. Na pembe zake zimekatwa kwa makasi, safi, kama ulivyokuwa ukikata kila kitu.

Kumbe ulijua! Ulijua kabla sindano haijaruka, ukanifunikia, ukala matusi ya Hirbo miaka tisa, na mezani kwangu ukala wali bila neno. Ungenigombeza siku moja tu, yangeisha. Sasa umeniachia niseme mwenyewe mbele ya watu wote, na uzee huu. Haya, nasema. Santuri niliharibu mimi. Samatar Bile hakuacha kitu juani. Anayemwita lile jina aache.

Hirbo nilimwonyesha ile alama. Akauliza, "Sasa Mama Roble, nimwombe nani msamaha?" Nikamwambia akae chini aanike betri.

Ijumaa hiyo tuliweka sindano mwanzo kabisa. Inaruka, Baba Roble, inaruka kama lori kwenye makorongo, lakini katikati ya kuruka wanasikika wote watano, na Denge anapita.

Unakumbukwa na mkeo Isnino, mwanao Roble na mkewe Abiba, binti yako Istar, wajukuu zako Asho na Bile, jirani yako Denge, na Hirbo, aliyeomba jina lake liwe la mwisho. Mungu akurehemu. Tutakukumbuka siku zetu zote, na toka sasa tunaanzia wimbo wa kwanza.