Tembo Hawakuufungua Uwazi Ule, Baba

Mpendwa Baba,

Nakuandikia hadharani, na najua usingependa. Ulikuwa mtu wa kufunga mlango kwanza hata ukitaka kuzungumzia mbegu za maharage. Mama atanuna. Shangazi watasema nimekuvua nguo mbele za watu na wewe uko kaburini, huwezi hata kujifunika. Waseme. Yupo mtu ambaye jina lake lilichafuliwa kwa ajili yako, tena hadharani, kuanzia Karatu mpaka Endulen, na sioni namna ya kumsafisha kwa kunong'ona.

Unakumbuka shamba letu la juu, lile linalopakana na msitu wa Ngorongoro? Tulikuwa tukilinda mahindi pamoja, na wewe siku zote ulikaa ukiupa msitu mgongo. Mimi mtoto nikadhani ni ujuzi, kwamba mlinzi wa kweli anasikiliza tu, haangalii. Nikakuiga. Siku moja nyani wakatoka nyuma yetu wakabeba mahindi kwa kujinafasi, na tulipogeuka ukacheka hadi ukakaa chini. Sikuwahi kukusikia ukicheka vile tena.

Nilipopata kazi ya kuongoza wageni wanaotembea msituni kwa miguu, uliniletea buti kutoka mnadani na ukazipaka mafuta mwenyewe. Halafu ukaniambia, "Usiwapeleke kule juu, ng'ambo ya korongo. Kuna nyati."

"Baba, nyati wako msitu mzima."

"Wa kule ni wakorofi."

Nikakucheka moyoni, na nikawapeleka. Ukivuka lile korongo unapanda kwenye giza la miti yenye ndevu za kuvu, huoni hata mwenzako aliye mbele, kisha ghafla unatokea kwenye uwazi wa majani mafupi, na chini yako mashamba ya Karatu yametandazwa, mekundu na ya kijani. Wageni hufungua lanchi boksi zao pale, wakavua viatu, wengine wakalala kabisa. Na kila kundi lina mmoja wa kuuliza kwa nini hapa hakuna miti. Sikujua, lakini mwongozaji akisema hajui anaonekana kalala darasani. Nikasema ni tembo, wameing'oa miti vizazi na vizazi wakitafuta magome. Hadithi ikapendwa. Kampuni ikaliweka jina la Uwanja wa Tembo kwenye matangazo yake.

Nilikuja kukusimulia jioni, nikijisifu, kwamba wageni hawajaona mahali pazuri kama pale. Uliweka kijiko chini ukatoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mama aliniambia baada ya matanga. Kwamba kabla sijazaliwa ulikuwa na rafiki, Saitoti, mfugaji wa Endulen aliyekuwa akishuka kununua mahindi na kulala kwetu. Kwamba kiangazi kimoja mlikwenda wote wawili kule ng'ambo ya korongo kurina asali. Yeye nyuki hakuwajua, alishika ndoo tu. Wewe ndiye uliyewasha kienge cha majani makavu cha kuwafukizia nyuki moshi, ukakiingiza kwenye tundu la mti, na mlipopata asali ukashuka nayo kwa furaha, kienge ukakiacha mle mle kikifuka. Kesho yake mlima ulikuwa unawaka. Saitoti alikuwa njiani kurudi kwao, askari wakamkuta ana masizi kwenye shuka. Nani angeuliza zaidi? Kila mtu alijua wafugaji huchoma majani ili yaote mapya. Walimfunga, na ng'ombe wake wakauzwa kulipa faini. Hakukutaja. Na wewe ulikuwa nyumbani, Mama anafua masizi kwenye shati lako.

Nilikuonea aibu, Baba. Nasema wazi. Nilikaa na picha yako ya kitambulisho mkononi nikashindwa kuiangalia usoni. Lakini sikiliza na langu, maana mimi ni mwanao kweli. Msimu uliofuata nilirudi pale pale na wageni, nikijua, na walipouliza nikasema tembo.

Mwezi uliopita getini tulipangiwa askari mpya wa kutusindikiza, msichana mrefu, mpole, bunduki ameibeba kama mtoto. Anaitwa Naserian. Tulipofika kwenye uwazi wageni wakaketi, yeye akabaki amesimama pembeni, kwenye miti. Nikampelekea yai na chapati. Akakataa.

"Mimi hapa huwa sikai, dada."

"Kwa nini?"

Akaangalia wageni kwanza. "Hapa ndipo baba yangu alipochoma msitu. Nilipoomba kazi hii walinicheka. Mtoto wa mchoma msitu analinda msitu."

Baba, niliendelea kutafuna. Sijui nilitafuna nini. Mgeni mmoja akaja na swali lile lile, kwa nini hapa hakuna miti, Naserian akainamisha kichwa, na mimi nikaanza: tembo, magome, vizazi na vizazi. Nikaongeza hata mikono.

Wakati wa kushuka Naserian alinisogelea akanishika kiwiko. "Asante, dada," akasema. "Umenisitiri."

Hapo ndipo nilipovunjika. Ningeweza kubeba matusi. Shukrani ile sikuweza. Nilimwambia pale pale kwenye njia, wageni wakiwa mbele wanapiga picha za kima. Nilimwambia wewe ni nani, kienge kilikuwa cha nani, nani alishika ndoo. Hakunitukana. Alitembea mbele yangu hadi getini bila kugeuka, na nilitamani ageuke hata kwa kunitemea mate.

Wageni walipopanda gari alitoa simu akampigia baba yake. Waliongea Kimaasai kwa muda, na katika maneno yote neno nililolielewa ni jina lako tu. Kisha akaninyooshea simu.

"Takwenya," sauti ya mzee ikanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

"Pole na msiba. Nilisikia. Sikuja kuzika, sikujua kama mngenipokea." Akakohoa. "Nina swali moja tu. Baba yako alikuwa ananitaja?"

Niliyapitia maisha yetu yote pale nimesimama. Jioni zote, mavuno yote, hata kitandani ulipokuwa unaita watu. Nilitafuta, Baba. Mungu anajua nilitafuta hata siku moja ili nisidanganye tena.

"Hapana, mzee," nikamwambia.

Nikasikia kengele za ng'ombe upande wake.

"Haya," akasema. "Mimi nilikuwa namtaja."

Lala, Baba, kama usingizi unakuja. Bado nakupenda, na bado nakuonea aibu.

Ni mimi,
binti yako, mwongoza wageni