Mama Alipouliza Swali

Dada yangu mpenzi,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Mafunzo yetu ya haki za binadamu kwa vijana wa kujitolea yamenoga! Juzi mkufunzi alituagiza kila mtu akafundishe somo moja nyumbani, nami nikachagua haki ya kupumzika. Baba na wadogo zetu walinicheka mpaka machozi yakawatoka. Mama alikuwa jikoni akiosha vyombo, baada ya kushinda kiwandani akishona.

Akachungulia mlangoni, mikono imejaa povu. "Na mimi ninayo hiyo haki?"

Kicheko kikakatika. Dada, alitukataza tusikwambie, lakini mwezi uliopita alizirai kwenye cherehani.

"Unayo, Mama," nikasema.

Baba akanyanyuka, akakunja mikono ya shati, akashika sponji. Alivunja vikombe viwili! Sasa tunapokezana kazi zote, na Mama kaomba siku ya mapumziko kiwandani, kapewa.

Ndiyo leo. Jua limepanda, naye bado anakoroma. Kitindamimba wetu alitaka kumwamsha, Baba akamdaka mlangoni, akamnong'oneza: "Thubutu! Utavunja haki za binadamu."

Nakukumbatia,
Mdogo wako, mwalimu wa jikoni