Mahindi Yaliyoikataa Hesabu Yangu

Jumatatu, 8 Machi
Mkebe mwingine. Nimechekecha udongo, nimeushindilia kwa nyundo, nimepanda mahindi. Mzizi umeshuka urefu wa kidole, ukasimama. Hesabu yangu ilisema hivyo hivyo: udongo ukikaza, mzizi hupunguza mwendo mpaka ukwame. Safi. Ila mahindi ya uani, hapa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kwenye ardhi ngumu kuliko udongo wa mkebe (nimepima kwa msumari), mizizi imezama hadi kiwiko. Yananidharau.

Alhamisi, 11 Machi
Shule ninakofundisha kilimo imefungwa. Vijana wamepita wakiimba, "Bakasai barudi kwabo." Yaani sisi, watu wa Kasai, turudi kwetu. Nimezaliwa hapa; baba ndiye aliyeletwa na mgodi kutoka huko. Kasai naijua kwa ramani. Mke wangu, Mama Ngalula, anataka tuondoke. Nimemwomba anisubiri nipate kosa la hesabu. Nikitoka hapa, udongo huu sitaupata tena.
"Batu bamesha kwenda, tata. Shiye tunangoya mizizi?"
Nimerudi kwenye mkebe kwa hasira, maana anasema kweli: watu wameshaondoka, sisi tunangoja mizizi.

Jumapili, 14 Machi
Mchungaji amehubiri juu ya mizizi ya mtu na ardhi ya mababu. Nimechoshwa na watu ambao hawajawahi kufukua mzizi hata mmoja.

Jumanne, 16 Machi
Jirani amekuja kupima madirisha yetu kwa ajili ya mapazia yake. Sisi tungali ndani. Alisalimia vizuri, akaulizia hali ya watoto. Nimeibadilisha hesabu tena na tena. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 18 Machi
Usiku vijana wametupa mawe juu ya bati letu. Basi, tunaondoka. Mama Ngalula anang'oa mihogo yote, hataki kumwachia mtu hata majani ya kupikia sombe. Nikashika jembe kumsaidia. Ukuta wa shimo ukaanguka, nikaona mizizi ya mahindi: imeshuka ndani ya matundu yaliyoachwa na mihogo ya zamani iliyooza. Haikutoboa chochote. Ilipita palipokuwa wazi. Na mimi, kila nilipochekecha, niliyafuta matundu hayo kabla ya kupima. Mjinga mkubwa mimi.

Jumatatu, 22 Machi
Kituoni. Treni ya Kasai hakuna. Tunalala kwenye saruji na wenzetu. Nimeyaingiza matundu kwenye hesabu, na sasa inakubali. Wa kumwonyesha hayupo, nikamweleza Mama Ngalula yote, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku akimsuka binti yetu Ngalula. Kisha akauliza, "Na kule tunaenda, udongo iko namna gani?"
Nikamwambia sijui. Akaendelea kusuka.