Jiwe la Tormod

Jumatatu, 7 Julai 1516

...na bado sijaandika juu ya mabega yake! Siku kumi na mbili za ndoa, na namtazama Tormod akinywa uji kama natazama sherehe. Masista walinifundisha kuandika ili niandike sala. Wanisamehe.

Leo umepitishwa mlango kwa mlango mti uliochomwa ncha — wito wa vita. Hector ametoka kwa wajomba waliomlea, na barua yenye muhuri kutoka Edinburgh. Eti yeye ndiye Bwana wa Strathdoran, na ardhi yote ni yake, hata hili shamba letu. Sisi tuna Ruari, binamu yake, tuliyemchagua wenyewe. Mama mkwe akauliza kama hiyo barua inajua kukama ng'ombe. Tulicheka mpaka mbwa akabweka.

Jumatano, 9 Julai

Wameondoka. Kivukoni kila mwanamume aliweka jiwe lake kwenye rundo, kama kawaida yetu. Anayerudi hulichukua. Yanayobaki ni ya wafu. La Tormod ni jeupe, lina mshipa mwekundu — zuri kama mwenyewe! Alinibusu mbele ya watu wote.

Walipopotea bondeni nilirudi peke yangu, nikalichukua. Jiwe la mume wangu likae pale likingoja kifo? Thubutu! Nalilalia.

Jumapili, 13 Julai

Tumeshinda! Hector amekimbia, barua yake imebaki matopeni. Shamba ni letu. Alfajiri, kwenye ukungu, wanaume wetu walipita kivukoni, wakachukua mawe yao, wakaenda moja kwa moja ngomeni kumsimika Ruari. Watakaa huko siku kadhaa.

Yamebaki mawe tisa. Mama mkwe aliyageuza moja moja, wenzake wakilia kando yake. Kisha akaja mbio, na miguu yake ile mibovu.

"Halipo, mwanangu. Amelichukua. Yu hai."

Amechinja yule kondoo tuliyemweka kwa ajili ya baridi. Nimekula. Mdomo wa kusema sikuwa nao.

Lakini alipita, bila shaka. Akalitafuta, akalikosa, akacheka — anamjua mke aliyemuoa! Mama mkwe anaimba huko nje. Jiwe liko mapajani mwangu. Nimelikumbatia tangu adhuhuri, halipati joto.

Nimempelekea mama yangu ujumbe: kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kumwona. Sote wawili. Tormod atabeba jibini.