Usiziamini Barua Pepe Zangu

Dada yangu mpenzi,

Usishtuke kuona nimekuandikia kwa kalamu; kompyuta haijaharibika. Mtoto hajambo, ameota jino la mbele na anamng'ata kila anayembeba.

Nilikuwa natafuta programu ya kuzuia virusi itakayofaa kompyuta za wateja wangu na ya nyumbani pia. Za bure zilijaa matangazo, nyingine zilifanya mashine zijikokote kama kobe. Iliyobaki nikaijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu, maana siwezi kumuuzia mtu nisichokijua. Ikanasa programu ya upelelezi, inayonakili kila herufi ninayoandika na kumpelekea shemeji yako.

Ndipo nikaelewa. Juzi tukiwa mezani aliniuliza huku akitabasamu, "Kwa hiyo mimi ni mwiba wa koo?" Maneno hayo nilikuandikia wewe peke yako.

Na huu mkono uliovunjika, dada, sikuteleza bafuni kama nilivyokuandikia.

Kompyuta iliniuliza kama ninataka kuufuta uchafu huo. Ingekuwa ya mteja ningebonyeza "futa" bila kufikiri. Nikabonyeza "acha", asijue kwamba nimejua. Kwa hiyo utaendelea kupata barua pepe zangu za furaha, za jinsi anavyonidekeza. Nijibu kwa furaha vilevile, lakini usiamini hata neno moja.

Barua hii usiijibu. Siku utakayosikia hodi, fungua kwanza. Tutajuliana hali tukishaingia ndani na mlango umefungwa.

Mimi mdogo wako.