Picha ya Baba Juu ya Msasa

Mpendwa Mshauri,

Kwa heshima nakuomba msaada kabla mwezi huu haujaisha, maana Mwalimu Wangui atapeleka picha za wanafunzi kwenye maonyesho ya kilimo Nakuru, na sijui nimpe ipi.

Mimi ni msichana wa darasa la saba hapa Elburgon, na baba yangu ni fundi katika kiwanda cha mbao. Mwalimu alinipa sanduku la pasteli, yaani chaki laini za rangi, na karatasi moja nyeupe, akasema nichore mtu ninayemjua, nami nikamchora baba, lakini karatasi ilikuwa nyororo kama sahani na chaki ikateleza, tena chaki iliyoandikwa kuwa ni rangi ya mwili ni ya waridi, nami nikaitumia kwa kuwa imeandikwa hivyo. Baba aliitazama sana, kisha akauliza, "Akoth, huyu mzungu amepata wapi kofia yangu?" Mama alicheka hata akaweka sufuria chini.

Basi nikachukua msasa wa baba wa kulainishia mbao, ulio wa kahawia, nikaanza upya, na chaki ikashika vizuri, na usoni sikupaka sana, niliuacha msasa wenyewe uwe ngozi yake, nikatia giza chini ya kofia na mwanga kidogo puani, na ni yeye kabisa. Lakini wenzangu wanasema nimechora kwenye takataka ya seremala, na rafiki yangu Chepngeno ananiambia niipake samli ili rangi isidondoke. Tena nimekosa: nilimwambia mwalimu kwamba karatasi nyeupe ililowa mvua, kumbe nimeificha chini ya godoro, naye ameniahidi nyingine, ambayo ndiyo ya mwisho. Je, nichore tena kwenye nyeupe?

Wako mtiifu,
Milcah Akoth

Milcah,

Usiisingizie mvua. Kesho asubuhi mpelekee mwalimu picha zote mbili na umwambie ukweli. Karatasi ya mwisho mwachie mwenzako.

Pasteli ni unga, na unga hutaka mahali pa kushika. Msasa una meno, kwa hiyo ulichagua vizuri kuliko wanaokucheka. Aliyeandika "rangi ya mwili" kwenye ile chaki alikuwa akitazama mkono wake mwenyewe. Wewe mtazame baba yako. Chaki usiitupe, utaihitaji siku utakapowachora wale ndege wa waridi wa ziwa la Nakuru.

Samli irudishe jikoni. Ukiipaka, baba atageuka doa. Usiipanguse picha wala usiipulize. Isimamishe, gonga nyuma polepole, unga uliolegea uanguke. Mwombe baba ubao wa kuibandika, kwa kuwa msasa hujikunja, na vijiti vyembamba pembeni ili kioo kitakachowekwa juu yake kisiguse rangi.

Peleka msasa. Nyuma ya ubao andika jina la baba yako na kazi yake, ili Nakuru asitokee mtu wa kuuliza kofia ni ya nani.