Mpira Usiokuwemo Kwenye Karatasi

Jumapili, 1 Novemba 1998

Nimemwaga maji ya kampa leo. Saa tatu mpaka saa sita, vidole vimekufa ganzi. Nimefuata karatasi ya Bwana Kanti, yule mzee wa Kisumu anayekaa Rayners Lane, hapa London, aliyeniuzia hili gari la kulala. Kaandika hatua saba na kuibandika karatasi ndani ya kabati. Zima pampu, fungua kizibo cha tangi, mwaga hita, acha mifereji yote wazi, na kadhalika. Maji yakibaki ndani ya bomba yanaganda, bomba linapasuka. Nchi hii hata gari linaandaliwa kwa baridi.

Zuwena kachungulia dirishani mara moja. Mke wangu haipendi kampa. "Sikuja Ulaya kulala chini ya bati," ndiyo kauli yake tangu Juni. Nilimfungia mpira wa kuchambia humo chooni, kwa mikono yangu, ili asipate kisingizio. Hata ahsante sikuisikia.

Jumamosi, 5 Desemba

Tumegombana, kisha tumepatana. Anasema kampa inaziba dirisha la sebule, nyumba nzima giza. Kweli inaziba. Anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, mchana anapata usingizi wa saa tatu au nne tu, ana haki ya kununa.

Mapatano: safari moja, Pasaka, mimi na yeye na binti yetu Maryam. Ikiwa nzuri, kampa inabaki. Ikiwa mbaya, naiuza. Shemeji yake wa Queensbury keshapata mnunuzi, hawakunificha.

Nimekubali. Naogopa. Miaka kumi na minne napakia mizigo ghalani Heathrow, mizigo ya watu wanaokwenda mahali. Hiki ndicho kitu pekee nilichokinunua kwa sababu nakipenda tu.

Alhamisi, 11 Februari 1999

Barafu kwenye vioo. Nimetoka na tochi kabla ya kazi kukagua mifereji. Jikoni kukavu. Beseni kavu. Najisifu mwenyewe, hakuna mwingine wa kunisifu.

Jumamosi, 20 Machi

Nimejaza tangi. Jikoni safi. Beseni safi. Chooni maji yanachuruzika nyuma ya ubao.

Ni bomba la mpira wangu. Limepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Nililipitisha chini kabisa, likapinda, maji yakakaa humo msimu wote wa baridi. Karatasi ya Kanti haiujui mpira huo. Kiwandani hawakuuweka, na Kanti mwenyewe alikuwa akitumia kopo. Niliyeufunga ni mimi, na niliyeusahau ni mimi. Mjinga.

Nimefuta maji kwa mataulo matatu. Sijamwambia Zuwena.

Jumanne, 30 Machi

Kifaa cha kuungia hakipatikani mpaka baada ya Pasaka. Zuwena keshaomba ruhusa kazini. Nikimwambia tuahirishe, ndiyo basi tena. Ningeweza kuliziba bomba na kuuacha mpira bila maji, lakini mpira ndio niliomwahidi. Nimezungusha utepe wa mafundi, tabaka juu ya tabaka, nikakaza kwa waya. Linatoa tone moja moja. Tone si kitu.

Jioni, tukila mabaki ya vyakula vya Idi, kaniuliza, "Maji tayari?"

Nikamwambia tayari. Nimemdanganya mke wangu kwa ajili ya bomba la plastiki.

Ijumaa, 2 Aprili

Hampshire, pembeni ya msitu. Foleni saa nne nzima. Maryam, miaka kumi na minne, katazama nje na kusema, "There's literally nothing here," yaani hapa hakuna kitu kabisa. Mama yake akacheka. Ubaya wangu huo, nilifurahi kumsikia akicheka, hata kama ni kwa kunicheka mimi. Tumekula biriani ya kutoka nyumbani, tuliyoifunga kwenye blanketi, bado ya moto. Farasi wadogo wanapita ovyo, kama hawana mwenyewe. Maua ya manjano kila kichaka.

Utepe unashika. Nimeukagua mara tano. Zuwena kaniuliza kama tumbo linaniendesha.

Jumamosi, 3 Aprili

Umeachia. Alfajiri, Zuwena akiwa chooni. Nimesikia ukelele. Alipofungua mlango kanga ilikuwa imemgandia mwilini na maji yanatoka naye. Nimezima pampu. Tangi lote sakafuni.

Nimemwambia kila kitu, tangu tarehe ishirini. Kanisikiliza. Kisha kafungua begi lake na kutoa kopo la buluu, kopo letu la chooni, alilolileta toka nyumbani.

"Niliyaona mataulo," kasema. "Nikangoja useme. Maji hayajaniudhi. Umenitazama usoni ukaniambia tayari."

Nimeona haya kuliko siku yoyote. Nimekausha zulia mchana kutwa, yeye na Maryam wamekwenda kutembea bila mimi. Jumatatu nitampigia mnunuzi. Mapatano ni mapatano.

Mvua imeanza.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua usiku kucha juu ya paa. Zuwena kalala baada ya Isha, kaamka mara moja tu kuswali Alfajiri, akarudi kulala mpaka saa nne asubuhi. Sijamwona akilala hivyo tangu aanze zamu za usiku. Mimi na Maryam tumekaa nje chini ya turubai, tunanong'ona, chai inapoa. Nimechota maji kwa ndoo kwenye mfereji wa kambi, polepole, ndoo isigonge.

Kaamka, kanywa chai. Mchana farasi kamnyang'anya sambusa mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Habari ya kampa sithubutu kuuliza.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimemwaga maji ya kampa leo. Mnunuzi sikumpigia. Nilimwambia Zuwena nampigia, akasema, "Ngoja kwanza." Kifaa cha kuungia kilipatikana, bomba nikaliunga upya, na tumekwenda mara tatu tangu hapo. Sebule bado giza.

Nimefungua kabati kusoma karatasi. Chini ya hatua ya saba ya Kanti pana maandishi ya kalamu ya buluu, mwandiko wa Zuwena: "8. Mpira wa chooni. Niite nije nione."

Nikamwita. Katoka na koti juu ya kanga, usingizi bado machoni. Nikafungua kiungo cha chini, nikaweka kopo. Maji yakatoka, yakapungua, yakawa matone. Tulisimama pale mpaka yakakatika.

Kisha akarudi kulala.